Jikoni Hakuna Mgeni

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini nikianza barua bila kukusalimia, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuuliza huyu mtoto kalelewa na nani.

Wateja wa mchana wameshaondoka. Sufuria nimezifunika, moto nimeuacha ufe wenyewe, nami nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya mgahawa, hapa hapa Mkuyuni, ndoo iliyopinduliwa ndiyo meza yangu. Kesho asubuhi tunakuja Kisesa kukujengea kaburi. Matofali yameshafika, msalaba umeshapakwa rangi, katekista atasali, halafu kila mtoto na mjukuu ataitwa kwa jina aweke udongo wake upande wa kichwa kabla mafundi hawajamwaga saruji. Atakayeita majina ni Baba Mkubwa. Hapo ndipo penye shida yangu, Mama. Sijaamua huo udongo nitauweka kwa mkono gani.

Usicheke bado, maana kuna la kucheka zaidi. Mwanao anacheza ngumi.

Ndiyo, mimi Kabula, mama wa mapacha walionizidi urefu, mwenye magoti yanayolia kila nikiinuka. Ngumi za kweli, za glovu na ulingo. Nakuona ulivyoshika kiuno. Basi kaa, nikusimulie.

Tulipokuzika nilirudi kazini mapema mno. Watu wakasema Kabula ana moyo mgumu, hata chozi halijamtoka. Haukuwa moyo mgumu, ilikuwa hasira, na sikujua nimemkasirikia nani. Mungu nilimwogopa. Wauguzi walifanya walichoweza. Nadhani nilikukasirikia wewe, kwa kuondoka kama mtu aliyesema anakwenda sokoni mara moja. Hasira yote nikaimalizia kwenye unga wa chapati. Niliukanda, nikaugeuza, nikaupiga mezani mpaka vikombe vikaruka. Chapati zikawa ngumu kama soli. Wateja wako walivumilia kwa sababu ya msiba, lakini unawajua, uvumilivu wao hauna mizizi mirefu.

Aliyesema ni Kocha Masalu. Wewe humjui, alianza kula hapa baada yako. Ni kijana wa kutoka Magu, mpole, mnene kidogo kwa mtu anayefundisha ngumi. Ana kiwanja chake cha mazoezi nyuma ya karakana ya wachomelea vyuma, ile ya kwenda bondeni, na ametundika viroba vilivyojazwa vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani. Asubuhi moja alitafuna chapati yangu, akatafuna, akaiweka chini taratibu.

"Mama Kulwa," akasema, "huo unga haujakukosea kitu. Njoo jioni upige kisicholiwa."

Watu wote wakacheka. Nikacheka na mimi, halafu jioni nikaenda. Sijui hata leo miguu ilinipelekaje.

Mama, ungeniona! Nimevaa suruali ya Doto, kitambaa kichwani, naruka kamba kama kuku aliyefungwa mguu. Wachomelea vyuma waliacha kazi wakasimama kwenye ukuta kutazama. Baba Kulwa tangu asikie, akirudi nyumbani anabisha hodi. Nilitaka kuacha wiki ile ile. Kilichonibakiza ni kukuta mwenzangu mmoja wa rika langu, Mwalimu Adela, anayefundisha chekechea. Ni Mhaya, mwembamba, mstaarabu kupita kiasi. Kila akikugusa na ngumi anasema "samahani". Nikaona kama huyu anaweza kupigana kwa adabu hivyo, na mimi nitaweza.

Siku ya kwanza kabisa Kocha aliniuliza, "Mkono wako wa nguvu ni upi?" Nikajibu bila kuwaza, "Wa kulia." Ungetaka nijibu nini? Ninaandika kwa kulia, ninakula kwa kulia, ninampa mteja sahani kwa kulia. Basi akanipanga hivyo: mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia nyuma, kwamba huo wa nyuma ndio utakaobeba uzito. Nikapiga kiroba kwa wiki nyingi. Ngumi zangu zilikuwa kama za mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mkwe. Kocha alizunguka, akaniinamisha, akaninyoosha, akakuna kichwa. "Mikono ya kusonga ugali hii," alisema, "nguvu inakwenda wapi?"

Wewe unajua ilikwenda wapi.

Unakumbuka kule Kisesa, kwenye mji wa Baba Mkubwa, tulipohamia baada ya baba kufariki? Kila chakula kikifika alikuwa ananitazama mimi kwanza. Nikipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, alinichapa vidole kwa kijiti chake cha kuchokolea kiko. Iliposhindikana akaupaka pilipili. Pilipili iliposhindikana akaagiza ufungwe na kipande cha kanga, nyuma ya mgongo, mpaka chakula kiishe. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa anasema, na wakubwa wote wanaitikia. Sisemi alikuwa mbaya. Nilipoumwa malaria ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, akiniimbia njia nzima ili nisilale. Aliamini kabisa kwamba mtoto wa kike anayegawa chakula kwa kushoto hataolewa, na akiolewa atarudishwa. Alikuwa ananiokoa.

Kila chakula kilipokwisha nilikuja jikoni kwako na mkono wangu umefungwa. Hukusema neno juu ya Baba Mkubwa, hata siku moja. Ulifungua fundo, ukausugua mkono mpaka damu irudi, ukanipa mwiko au kisu au chochote kilichokuwa karibu, ukasema, "Haya. Jikoni hakuna mgeni."

Basi jikoni nilikuwa mashoto. Nilimenya viazi kwa kushoto, nilipaa magamba ya sato kwa kushoto. Na wewe ulisonga ugali kwa kushoto, mgongo umeuelekeza mlangoni, na mimi nilidhani unanifuatisha, kama mtu mzima anavyotambaa chini ili mtoto anayejifunza kutambaa asijione peke yake. Nilikupenda sana kwa hilo. Hili nalo shika, nitalirudia.

Siku Kocha alipogundua, ilikuwa mchana wenye watu wengi, msaidizi wangu hakuja, na Kocha alikuja kwa mlango wa nyuma kuomba maji ya kunawa. Akanikuta nasonga ugali wa sufuria kubwa. Nilisikia mlango, nikauhamisha mwiko kwenda mkono wa kulia haraka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Mtu mzima mimi! Jikoni kwangu mwenyewe!

"Usiuhamishe!" akapiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Rudisha! Mama Kulwa, rudisha mwiko ulikokuwa!"

Nikarudisha. Akasimama pale na ndoo mkononi anatazama bega langu linavyofanya kazi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, akasema nimemfunga kama mbuzi miezi yote hii, anatafuta majani upande usio na majani.

Jioni ile akanigeuza. Mguu wa kulia mbele, kushoto nyuma. Nikajisikia vibaya, nikajisikia kama nimesimama mbele za watu nimevaa nguo ya ndani tu. Nikatazama ukutani kama kuna mzee yeyote wa Kisesa. Kocha akasema, "Piga." Nikapiga.

Mama, kile kiroba kiliruka. Mnyororo ulilia, vumbi likatoka, mchomelea mmoja akasema "Lo!" Nikapiga tena. Nikapiga na machozi yakaanza, yale yaliyokataa kutoka siku ya kukuzika, yakatoka yote na makamasi juu yake, na sikuweza kuyafuta kwa sababu ya glovu. Mwalimu Adela akaja na kitambaa chake akanifuta kama anavyowafuta watoto wake wa chekechea. Nililia kwa uchungu, sitakudanganya. Lakini chini ya uchungu nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa yako. Nilikuwa nasikia vidole vyako vinafungua lile fundo.

Tangu siku ile chapati zimerudi kuwa laini. Wateja wanasema ni za Mama Kabula mwenyewe. Wanakutaja bado, kila siku. Lile benchi lililokuwa linararua nguo za watu nimelipiga misumari. Yule paka wako amezaa chini ya stoo ya mkaa, nikawaachia.

Sasa nifike kwenye Jumapili iliyopita. Kocha aliandaa mapambano ya kirafiki kwa sisi wazee wanafunzi, raundi fupi fupi, watazamaji ni ndugu na majirani. Mimi na Mwalimu Adela tulipangiwa jioni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa hata nimezoea kusimama kwa kushoto mbele ya watu, mradi watu wenyewe ni wa Mkuyuni.

Kumbe msalaba wako ulikuwa unatengenezwa palepale karakana. Nililijua hilo, niliuona kila siku ukiwa umeegemezwa ukutani unangoja rangi. Nisichojua ni kwamba Mama Mdogo, aliyekuwa amevuka na kivuko kutoka Kamanga kuja kutusaidia, alimpitisha Baba Mkubwa hapo waukague kabla haujapelekwa Kisesa. Nimepanda ulingoni, nimeshauma kinga ya meno, nageuka, namwona Baba Mkubwa na fimbo yake na koti lake la kanisani, amesimama kando ya jina lako.

Miguu ilijibadilisha yenyewe. Naapa, sikuiamuru. Wa kushoto ukaenda mbele, wa kulia nyuma, nikawa mtoto mwenye adabu. Raundi nzima Mwalimu Adela alinitwanga. "Samahani," usoni. "Samahani," tumboni. Samahani ya tatu ikanipasua pua.

Kengele ilipolia nikaenda kwenye kona. Kocha akanibana pua na pamba, akasema, "Leo umekuja na mkono wa nani?"

Nikamwambia kinga ya meno ikiwa bado mdomoni, nusu anaelewa nusu haelewi, kwamba yule mzee pale ndiye aliyenilea, na mambo ya pilipili, na kanga, na maneno yako ya jikoni. Nilifikiri atanionea huruma. Akamtazama Baba Mkubwa, akanitazama mimi.

"Yule ni mgeni wako?"

Nikatikisa kichwa. Baba Mkubwa si mgeni. Ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Basi leo msongee ugali akiwa anakuona," akasema, akanisukuma katikati.

Nikageuza miguu. Nilisikia minong'ono, au labda ilikuwa masikio yangu. Mwalimu Adela akaja na samahani yake, nikaikwepa, nikampelekea kushoto kutoka chini kabisa, kutoka kule chini ugali unakoanza kukaza. Alikaa chini. Alikaa kabisa, miguu mbele, kama anayengoja hadithi. Na mimi nikapiga kelele, "Samahani!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, akainuka, akasema, "Usiombe samahani, Mama Kulwa, hiyo ilikuwa nzuri," akanirudishia yake.

Mwisho hakuna aliyetangazwa mshindi. Kocha alisimama kati yetu akatunyanyua mikono. Mimi alinishika wa kushoto. Aliunyanyua juu, mbele ya wachomelea vyuma na mapacha na Baba Kulwa na msalaba wako, akauacha huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilivua glovu ya kulia tu, nikaenda kwa Baba Mkubwa, nikapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, Baba Mkubwa." Amezeeka, Mama. Mkono wake ulipogusa wangu ulikuwa mwepesi kama jani la mhindi.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Kumbe ule mkono tuliokuwa tunaufunga ulikuwa unakua tu."

Sikujua kama ni sifa au lawama, na hakunipa muda wa kujua. Aligeukia msalaba, akaugusa kwa kidole, akaanza kuwagombeza mafundi kwamba rangi haijakauka.

Usiku huo hakuna aliyekuwa na nguvu za mazungumzo, lakini asubuhi yake Mama Mdogo aliingia jikoni kunisaidia. Nikaanza kusonga, na kwa kuwa hakukuwa na sababu tena nikasonga kwa kushoto bila kujificha. Akanitazama, akaweka chini ungo wa mchele.

"Kama dada," akasema. "Kabisa kabisa kama dada."

Nikamwambia ndiyo, Mama alikuwa ananifuatisha nisijisikie vibaya.

"Akufuatishe wewe? Wewe, dada alikuwa mashoto kabla hatujazaliwa wewe na mimi! Bibi yako alimfunga mkono mpaka siku anaolewa. Alikuwa anakula kwa kulia vizuri kuliko sisi wote, usingejua. Wewe ulidhani kwa nini anapika ameupa mlango mgongo?"

Nilikaa chini, Mama. Ugali ukashika, wateja walikula ukoko siku ile na sikuwaomba radhi.

Miaka yote nilikuwa nakushukuru kwa kunipa jiko lako. Sikujua ndiyo sehemu pekee uliyokuwa nayo. Ulikuwa na kona moja tu duniani ya kuwa ulivyoumbwa, yenye moshi, mgongo mlangoni, sikio limesimama kusikiliza nyayo za mtu, na ulipomwona mtoto mwenye mkono uliofungwa ukasogea ukampa nafasi. Hukuniambia. Labda uliogopa nitaropoka sebuleni, na kweli ningeropoka. Labda uliona mtoto hapaswi kubebeshwa aibu ya mama yake. Sitakuuliza. Nakushukuru tu. Nakushukuru kwa fundo ulilofungua kila siku na kila siku likafungwa tena, na hukuchoka. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulinifunza kwanza, kwa pilipili, na mama yangu akanifunza upya kimyakimya.

Siku ya kukuzika, zamu yangu ilipofika, nilichota udongo kwa mkono wa kulia. Niliutupa kwa adabu zote, kiganja wazi, kama ulivyonizoeza kumpa chakula mtu nisiyemjua. Ndicho kinachonikera mpaka leo. Nilikuaga kama mgeni.

Nilipoanza barua hii nilikuwa sijaamua. Sasa nadhani nilikuwa nimeshaamua tangu ukoko ule, nilitaka tu kukwambia wewe kwanza. Kesho Baba Mkubwa ataita, "Kabula," na watu watakuwa wengi, wa Kisesa na wa Kamanga, wote wametulia wananitazama. Nitapiga goti mbele yake kwanza, kwa heshima, maana yeye ni mzee wangu na atabaki hivyo. Kisha nitachota udongo kwa kushoto, nitauweka kichwani pako kwa kushoto, na nitausawazisha taratibu kama ulivyokuwa ukisawazisha ugali kwenye sahani. Akiuliza, nitamjibu kwamba hapa hakuna mgeni. Asipouliza, bora zaidi.

Na nakuahidi jambo jingine. Jumatatu nahamisha mafiga. Nitalikalisha jiko upande wa pili, nisonge ugali nikiwa nawatazama wateja na wao wananitazama. Sahani nitaendelea kutoa kwa kulia, usiwe na wasiwasi, mteja ni mteja. Lakini mwiko utakaa ulipozaliwa. Na jioni nitakwenda kwa Kocha, maana Mwalimu Adela ameapa kunikalisha chini na mimi, na ninamwamini.

Wape salamu baba na bibi. Bibi mwambie simlaumu, ila akikuona unapika asikuguse mkono.

Pumzika, mayu, mama yangu. Na huko uliko, kama wamekupa jiko, geuka. Pika ukiwa unautazama mlango.

Mwanao,
Kabula